Barabara na kisima ni vya nani, na nani alipie?

SWALI: Wakili, tuko nyumba nane ndani ya geti moja hapa Kitengela. Kila mtu ana hati yake, ila barabara ya kabro, kisima na tanki la maji taka ni vya wote. Kampuni iliyotuuzia ilimaliza kazi ikaenda zake. Sasa jirani wa nyumba ya kwanza hataki kuchangia kabro, kwa kuwa gari lake haliendi ndani. Mwingine alinunua nyumba kwa mwenzetu, naye anasema hakutia sahihi makubaliano yoyote. Je, tunaweza kuwakatia maji?

JIBU: Msikate. Haki ya maji imo katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya, na mkifunga valvu ya mtu ninyi ndio mtakaojibu mashtaka. Shida yenu kubwa iko kwingine: hamjaniambia barabara hiyo imeandikwa kwa jina la nani. Bila kujua hilo, hakuna anayeweza kudai kwa jina linalotambulika mahakamani.

Nendeni afisi ya ardhi Kajiado mkatazame ramani ya usajili. Kama njia hiyo ilitolewa kwa umma wakati shamba linagawanywa, ni barabara ya umma, na hata geti lenu linahitaji ruhusa ya kaunti. Kama ina namba yake ya ploti, fanyeni upekuzi, yaani mwombe rejista ionyeshe jina la mwenye ploti. Kwa kawaida mtakuta bado ni ya muuzaji. Mwandameni angali hai kibiashara, maana kampuni ikivunjwa, mali iliyobaki kwa jina lake huangukia serikali, na kuikomboa ni safari ndefu.

Ploti za vitu vya wote zihamishiwe kampuni ya usimamizi mtakayoisajili ninyi wenyewe, ambamo kila nyumba ina kura moja. Ikiwa bado ni ardhi ya kilimo, mtahitaji kwanza idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kibali cha kisima kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji nacho kibadilishwe jina. Watu husahau hicho mpaka siku maafisa wanapobisha hodi. Msitegemee Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Hiyo huunda shirika la wenye nyumba pale ambapo uniti, kama nyumba za ghorofani, zimesajiliwa kwa ramani ya sehemu, yaani ramani inayogawanya jengo kwa wenye uniti. Ninyi mna viwanja, kila kimoja na hati yake.

Huyo mnunuzi wa pili ana hoja, hata kama inaudhi. Kwa kanuni tuliyorithi Uingereza, tangu kesi ya Austerberry dhidi ya Oldham mwaka 1885, ahadi ya kutoa pesa haimfuati anayenunua kiwanja baadaye. Lakini mwaka 1957, katika kesi ya Halsall dhidi ya Brizell iliyohusu barabara na mitaro ya mtaa mmoja wa Liverpool, mahakama ilisema huwezi kutumia haki uliyopewa na mkataba kisha ukakataa mzigo uliofungamana nayo. Kesi za Uingereza hazizibani mahakama zetu, ila husikilizwa. Kwa hiyo haki ya kutumia barabara na maji iandikwe pamoja na wajibu wa kuchangia, katika hati moja, na kila anayeuza amfunge mnunuzi wake kwa hati hiyohiyo.

Kuhusu hesabu, mimi singebishana na nyumba ya kwanza juu ya mita za kabro. Askari, taa za nje, kabro na akiba ya matengenezo vigawanywe sawa kwa nyumba zote, hata iliyofungwa mwenyewe akiwa Dubai. Maji yalipwe kwa mita ya kila nyumba. Gari la kunyonya maji taka pia gawanyeni sawa, isipokuwa kama kuna aliyejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, huyo aongeze. Akiba ianze mapema. Tuseme pampu imeungua na mpya ni shilingi 180,000: kila nyumba itatoa 22,500 kwa siku moja, na hapo ndipo majirani huacha kusalimiana. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila nyumba zingefikisha kiasi hicho chini ya miaka miwili.

Atakayekataa baada ya kutia sahihi, mwandikieni barua ya madai, kisha mfungulieni kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Kikomo chake ni shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mdai awe ni kampuni, na mwende na mkataba, kumbukumbu za mkutano uliopitisha ada, na risiti za fundi.