Retina Imerudi, Mbona Sioni Vizuri?

Watu wakisikia nimepasuliwa retina iliyobanduka (lile tabaka jembamba nyuma ya jicho linalopokea mwanga) huniuliza kama oparesheni hiyo inafaulu. Nami huwauliza: ifaulu kwa daktari au kwako?

Miezi michache baada ya kupasuliwa jicho la kushoto, daktari alinimulika akafurahi. "Mwalimu, retina imekaa mahali pake vizuri kabisa." Nikamjibu, "Namshukuru Mungu, daktari, ila kwenye chati naiona herufi ya juu tu." Wote tulisema kweli. Retina ikibanduka hukosa lishe kutoka tabaka la nyuma yake, na chembe zake huanza kufa. Ile sehemu ya katikati, makula, tunayosomea na kutambulia sura za watu, ikishakaa imebanduka siku nyingi, uoni wake mara nyingi haurudi wote hata retina irudishwe vipi. Basi kabla hujasaini fomu, uliza: makula yangu imebanduka, na tangu lini?

Wengi retina hukaa kwa oparesheni moja. Linalosumbua ni kovu: kwa wagonjwa kama 5 hadi 10 katika 100, utando huota juu ya retina na kuivuta tena. Hapo daktari hutoa ute wa ndani ya jicho, huubandua utando, hupiga leza, kisha huweka gesi au mafuta ya silikoni ya kuishikilia retina. Kurudi mezani mara ya pili si ajabu. Mafuta yenyewe kwa kawaida huja kutolewa baada ya miezi, na yanaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo kliniki usikose. (Ndugu watasema umeshapona. Waache.)

Kuhusu gesi, sisi wa Kanda ya Ziwa tusikilizane. Gesi hutanuka kadiri unavyopanda juu. Ndege ni marufuku mpaka iishe jichoni, hilo wengi huambiwa. Lakini basi la abiria je? Dar es Salaam uko usawa wa bahari, Singida ni mita kama 1,500, na ukishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, bado uko juu ya mita 1,100. Presha ya jicho inaweza kupanda ukapoteza uoni njiani. Mweleze daktari unaishi wapi na utarudije, kabla hajachagua gesi au mafuta. Mimi niliwekewa mafuta, na safari ilikuwa sehemu ya sababu.

Ukiona mimweko, vidoa vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia pembeni, usinunue matone dukani. Nenda idara ya macho siku hiyo hiyo, hospitali ya Bugando ipo.