Muulize Fundi wa Rangi: Vigari vya kujifunzia

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilidunduliza kwa muda mrefu hadi nikanunua brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi, na kompresa yake. Nia yangu ni kupiga rangi magari ya modeli yang'ae kama yametoka kiwandani. Shida ni pa kujifunzia. Modeli yangu ya kwanza ya kuunganisha, ya kipimo cha 1/24 (mara 24 ndogo kuliko gari halisi), niliiharibu siku hiyo hiyo: rangi ilichuruzika mlangoni, nikaifuta kwa kidole, alama zikabaki. Sina uwezo wa kununua nyingine kila wiki ili niiharibu. Nitapata wapi magari ya bei nafuu? Na haya ya watoto ya kuchezea yanafaa? — M.K.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Natumaini hujaitupa ile modeli, maana gari la kujifunzia unalo tayari. Kilichoharibika ni rangi tu, bodi ni nzima. Kama ulipiga rangi ya akriliki, ng'oa vioo na vipande vilivyopakwa kromu, kisha loweka bodi katika spiriti ya isopropili kwa saa kadhaa na uisugue kwa mswaki mkuukuu. Rangi italegea na kutoka vipande vipande. Usiguse asetoni wala thina ya rangi za magari, kwa sababu plastiki ya modeli hizi ni polistirini, nayo huyeyuka humo. Ukishaisafisha, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, uanze upya. Anayejifunza hahitaji magari mengi. Anahitaji gari moja linalovumilia kuvuliwa rangi mara nyingi.

Na kwa uvumilivu huo, hakuna linaloshinda kigari cha chuma cha mtoto. Nazungumzia vile vya kukaa kiganjani, kama Matchbox vilivyoanza mwaka 1953 na Hot Wheels vilivyofuata mwaka 1968. Bodi zake nyingi ni aloi ya zinki. Usinunue vipya. Tafuta vilivyochubuka, visivyo na tairi, vinavyouzwa kwa fungu pamoja na takataka nyingine za mitumba, au uliza nyumba ambayo watoto wamekua. Mkusanyaji anavikataa kwa sababu ya mikwaruzo, na mikwaruzo wewe haikuhusu.

Kigeuze kichwa chini. Utaona riveti, yaani vipini vya chuma vilivyobanwa, moja au mbili zinazoshika sakafu na bodi. Chukua drili yenye ncha ya milimita 3, toboa kichwa cha riveti tu, taratibu, mpaka pete ndogo ya chuma ipande juu ya ncha. Hapo sakafu inaachia. Rangi ya kiwandani itoe kwa dawa ya kuondolea rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ukiwa nje, umevaa glavu na miwani. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yaache kabisa, hata ukishauriwa na nani. Yanakula zinki, na bodi hutoka nyeusi yenye vijishimo.

Mimi nina kigari kimoja cha namna hiyo, cha milango miwili, nilichokipiga rangi mara kumi na moja. Kwenye kona ya boneti pana mchubuko mdogo wa drili iliyoniteleza, nami nimeuacha makusudi. Kila ninapopiga rangi, huangalia kwanza pale. Rangi nzito huufunika kama matope, na rangi iliyochanganywa vizuri hufuata kingo zake zote, ukauona mchubuko uleule ila wa bluu. Mchubuko huo umenifundisha kupima uzito wa rangi kuliko maelezo yoyote.

Upungufu wa vigari hivi ni udogo. Gari la mita 4.5 likipunguzwa kwa 1/64, kipimo cha vingi vyao, linabaki sentimita 7 tu, kwa hiyo mkono haupati nafasi ya kwenda. Kwa 1/24 ni karibu sentimita 19, na kwa 1/18 ni 25. Ukikutana na gari la chuma la 1/18 lililovunjika kioo au lililopotewa na mlango, lichukue. Boneti na paa lake ndipo utakapojifunza kupitisha mkono kwa mwendo mmoja bila kusita.

Sasa haya ya plastiki. Mengine yanafaa na mengine yatakuvunja moyo bure. Niliwahi kupiga lori la plastiki laini, rangi ikatulia vizuri mno, nikalala na furaha. Asubuhi nilipolishika ilibanduka kama ganda la kitunguu, nzima nzima. Plastiki ile ilikuwa ya jamii ya polipropilini na polithini, ambazo rangi ya kawaida haizishiki. Tangu siku hiyo napima kwa beseni la maji. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kama chini ya sakafu, ukitose na ukitikise viputo vitoke. Kikielea, achana na gari hilo. Kikizama, huenda ni polistirini au plastiki ngumu iitwayo ABS, na hizo hushika rangi vizuri ukiziosha, ukazipitishia msasa laini wa maji na kuzipiga praima, yaani rangi ya msingi. Kipimo hicho hicho kitumie kwa vijiko vya plastiki, kwa sababu mgongo wa kijiko kigumu una mbinuko kama wa boneti, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Piga vijiko ishirini kabla ya kurudia modeli yako.

Kuhusu ule mchuruziko, nadhani ulikaribia mno na kusimama mahali pamoja. Kwa sindano ya milimita 0.3 anza na presha ya hewa ya psi 15 hadi 20 (soma kwenye geji ya kompresa), rangi iwe nyepesi kama maziwa, na ncha ikae sentimita 8 hivi kutoka kwenye bodi. Fungua rangi kabla hujafika kwenye gari, funga ukishalipita. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, bodi ionekane chini yake. Subiri, kisha ongeza. Rangi ikitambaa kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au hewa imezidi. Uso ukiwa wa vumbivumbi, rangi inakauka hewani kabla ya kufika, hivyo sogea karibu au ongeza thina kidogo. Ukiona vishimo kama vya ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito na haikupata muda wa kulala. Kingo na pembe hukosa rangi siku zote, basi zianze hizo.

Na tafadhali, vaa barakoa yenye chujio la mvuke, si la vumbi pekee, tena fungua madirisha. Hili sitachoka kulirudia katika safu hii.

SWALI: Fundi, mimi nataka kupiga rangi bodi angavu, zinazoonyesha ndani kama kioo, za magari ya rimoti. Naogopa kuharibu, maana hazivuliki rangi kirahisi. Nijifunzie wapi? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Chupa za soda, ndugu yangu. Bodi hizo ni polikaboneti na hupigwa rangi kwa ndani, hivyo kila kitu huenda kinyume: mistari na michoro kwanza, rangi kubwa baadaye, na mwisho kabisa nyeupe au fedha ya kuzuia mwanga usipenye. Kichwa kinakataa mpangilio huo mpaka kizoee. Pasua chupa angavu kwa urefu, ioshe, bandika tepu ndani, piga rangi kwa mpangilio huo, kisha igeuze utazame upande wa nje. Plastiki ya chupa si polikaboneti, kwa hiyo usitarajie rangi idumu, lakini mpangilio na ukingo wa tepu utauona waziwazi. Ukihamia kwenye bodi yenyewe, tumia rangi iliyotengenezwa kwa polikaboneti, kwani nyingine hupasuka gari linapogonga. Kama bodi imekuja na karatasi nyembamba ya kinga kwa nje, usiibandue hadi umalize.