Ukitaka Kasi, Endesha na Wanaokuzidi

Watu wangu wa baiskeli, hili nalisema wazi, ukizoea kuendesha peke yako kila siku utafika mahali mwili unakataa kuongeza hata ujikaze vipi. Mimi kilichonitoa hapo ni kundi la wenye spidi, wale wa Jumapili alfajiri wanaotoka Nairobi kupanda Limuru.

Shida kubwa ni upepo. Ukishapita kilomita 30 kwa saa nguvu zako nyingi zinaishia kupambana na hewa, sasa ukijificha nyuma ya mwenzako unaokoa kama robo hivi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo unakimbia kasi ambayo peke yako hungeishika hata kidogo na miguu inaanza kuizoea. Halafu zamu yako inafika, unavuta mbele nusu dakika kifua kinawaka, unapisha, unarudi nyuma kuvuta pumzi, na kabla hujatulia imefika tena. Nikiwa peke yangu siwezi kujilazimisha hivyo, nani atanisimamia?

Ukiwa ndani ya kundi usikodolee tairi la mbele, angalia mabega na kiuno cha mwenzako, ndiyo yanakuambia anataka kufanya nini. Kama wewe ni mgeni acha nafasi ya mita moja, na tairi lako la mbele lisiingie ubavuni mwa tairi lake la nyuma, maana akikwepa kidogo tu wewe ndiye unaenda chini. Mkono wake ukishuka kidole kikaonyesha lami, hapo kuna shimo, nawe onyesha hapo hapo kwa sababu aliye nyuma yako haoni kitu. Breki za ghafla hapana kabisa.

Wageni wengi hukaa mkiani wakidhani ndiko rahisi, kumbe kila kona kundi linabanana halafu linavutika, wa mbele anaongeza kidogo wewe wa mwisho unatimka kama unafukuzwa. Kaa wa tano hivi. Mlima ukikaribia songa mbele, hata wakikupita mmoja mmoja utafika juu ukiwa bado nao, kwa sababu pale kasi imeshuka na kujificha hakusaidii sana, ni mapafu yako tu, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Hata Chris Froome, kabla ya kushinda Tour de France mara 4, alikuwa kijana akifukuzana na David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya aliyemfundisha, na vijana wake kule Kikuyu.

Ila mara moja au mbili kwa wiki inatosha, siku zingine endesha polepole. Na uliza kwanza kundi linaenda kwa wastani gani, kama peke yako unashika 27 lile la 30 linakufaa, la 36 ngoja kidogo. Beba tyubu, pampu na ndizi, kofia ni lazima, na taa ya nyuma pia, saa kumi na moja na nusu bado ni giza na matatu zishaanza kukimbia.