Soma mdomo wa mtutu kabla ya kusoma jina

Likitajwa gobore, wengi wetu tunaiona bunduki ya babu, kitako kimefungwa waya, ya kufukuzia ngedere na nguruwe shambani. Nami nilipoanza kazi ya stoo kwenye nyumba ya mnada huku jimbo la New York, nilijua gobore ni gobore tu. Siku moja nikaambiwa nishushe moja garini. Nikainyanyua kwa mkono mmoja, nusura twende chini wote wawili. Ilikuwa na pauni zaidi ya 30, yaani kama kilo 14, mtutu wa pembe nane, na triga mbili: moja ya kutega, nyingine ukiigusa kwa pumzi imefyatuka. Ya vita haikuwa, wala ya mawindo. Fundi aliitengeneza iegemezwe mezani na kupiga shabaha, basi.

Wewe unayeanza kuzinunua au kuzishika kazini, fanya hili kwanza kabla hujaitolea macho: hakikisha ni tupu. Teremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni, mpaka ugote, shika kwa vidole pale mdomoni, kisha uchomoe na uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha yake ifike karibu na chuchu inapovishwa fataki. Ikiishia nyuma kwa upana wa vidole viwili vitatu, kuna kitu mle ndani. Baruti nyeusi ikikaa kavu haijui miaka. Nimeshakuta mbili zenye shehena, na moja ilikuwa imetundikwa sebuleni juu ya makochi.

Baada ya hapo usikimbilie jina. Geuza bunduki utazame mdomo wa mtutu. Ukikuta vitundu vinne vidogo vimeuzunguka mdomo, kaa chini, maana umefika penyewe.

Vitundu hivyo ni vya kupachikia mdomo wa bandia. Risasi ni laini. Tako lake likichubuka au likiinama kidogo tu wakati wa kuingizwa, shabaha imeharibika. Kwa hiyo fundi, kabla ya kuchonga mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, alikata kipande kifupi kwenye ncha ya mtutu, akakirudisha kwa pini nne, ndipo akachonga vyote viwili kwa pamoja. Mpigaji alivisha kipande hicho, akaweka risasi juu ya karatasi yake, akaisukuma kwa kisukumizi kilichokaa sawasawa juu ya mdomo, akakitoa kipande, akamalizia kwa mdeki. Utakuta pia kichuma kimesimama juu ya kipande hicho, kazi yake kukuziba jicho ukilenga, usije ukasahau ukakirusha pamoja na risasi. Nani alikuwa wa kwanza kukisahau, historia imemstahi.

Hati ya ubunifu huo alipewa Alvan Clark wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1840. Ndiye huyohuyo aliyekuja kusifika kwa vioo vya darubini, na mwanawe, akijaribu kioo kipya mwaka 1862, akaiona nyota ndogo iliyo pembeni ya Sirius. Hilo nalipenda kwa sababu linakueleza hawa walikuwa mafundi wa aina gani. Edwin Wesson, fundi wa bunduki, ndiye aliyeuchukua ubunifu wa Clark na kuutia kwenye bunduki zake.

Sasa kosa langu. Bunduki ya kwanza niliyojinunulia niliinunua kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale, mtu mwenye maneno matamu. Mtutu ulipigwa chapa Remington, bamba la mtambo wa kufyatulia lina jina Goulcher. Nikajiona nimepata majina mawili kwa bei ya moja. Kumbe Remington wa Ilion alikuwa akiwauzia mafundi mitutu kama vile leo mtu anavyouza mabomba, na mitambo ya Goulcher ilinunuliwa dukani, tayari, na kila fundi aliyetaka. Fundi mwenyewe aliyeunganisha bunduki yangu hakuandika popote. Na lililoniuma zaidi: mdomoni kulikuwa na vile vitundu vinne, na mdomo wa bandia haupo. Mzee mmoja kazini aliitazama akasema, "Kijana, umenunua kufuli bila ufunguo." Kipande hicho huwezi kukiagiza kingine, maana kilichongwa pamoja na mtutu ule mmoja. Bei yake halali ilikuwa kama nusu ya niliyolipa.

Kwa hiyo bunduki hizi hununuliwa na sanduku lake: mdomo wa bandia, kisukumizi, kalibu ya risasi, kikatio cha karatasi, na darubini kama ilikuwa nayo, lile bomba jembamba refu karibu sawa na mtutu. Jina la fundi tafuta juu ya mtutu wenyewe. Ukiona Morgan James wa Utica, William Billinghurst wa Rochester, Nelson Lewis wa Troy au Norman Brockway wa Bellows Falls kule Vermont, pumua polepole usimwonyeshe muuzaji uso wako. Halafu chukua kioo cha kukuzia utazame herufi. Kutu ya kahawia iliyotulia huingia mpaka ndani ya herufi za kale. Herufi zenye kingo kali na chuma cheupe ndani yake zimepigwa juzi. Na ikiandikwa kwamba itumie baruti nyeusi tu, hiyo ni nakala ya kisasa. Fundi wa 1850 hakuwa na baruti nyingine ya kumwonya mtu.

Hadithi za vita zisikuongezee bei. Ni kweli katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, enzi za Rais Lincoln, Massachusetts walipeleka kikosi cha walenga shabaha chenye bunduki nzito kama hizi, na huko Antietam, Septemba 1862, zikawaelemea watu walipojikuta uso kwa uso na adui anayeshindilia haraka kuliko wao. Lakini kila mwenye gobore zito leo ana babu aliyekuwa mlenga shabaha wa Lincoln. Mwombe karatasi. Hana? Lipia chuma na mti, hadithi akupe bure.

Za Uingereza na Ireland ni ukoo mwingine: nyepesi, za kupigia yadi 1,000, kama Whitworth yenye tundu la pembe sita, au Rigby. Waairishi walikuja na Rigby za kushindilia kushindana kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, New York, Septemba 1874, Wamarekani wakiwa na za kupakilia nyuma. Wamarekani walishinda 934 kwa 931. Mwairishi mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa, ila kwenye shabaha ya jirani, akapewa sifuri. Pale katikati palikuwa na pointi 4. Hesabu umalizie mwenyewe.

Usizisugue. Mafuta kidogo na kitambaa yatosha. Ukiing'arisha umeifuta thamani. Na sheria: serikali kuu ya Marekani huzihesabu za kale zilizotengenezwa hadi 1898, lakini kila jimbo lina yake, na ukitaka kupeleka nyumbani, Tanzania au Kenya, gobore ni silaha ya leseni kama nyingine. Uliza kabla ya kufunga mzigo.

Siku hizi mnadani naanzia kwenye masanduku ya vyuma chakavu. Mwaka juzi, katikati ya bawaba na misumari, niliokota mdomo wa bandia, pini zake nne zimekamilika, nikaulipia dola tano. Bunduki yangu imeukataa. Nautembeza mfukoni, na kila mtutu wenye vitundu vinne ninaokutana nao naupimia.