Kabla Hujaruka Diani, Sikiliza Wanacheka Nini

Watu wa Mombasa wakijua kwamba naruka kwa parachuti huniuliza mambo mawili: ni pesa ngapi, na je, isipofunguka? Bei hubadilika, kwa hivyo wapigie simu wenyewe wanaorusha watu kule Diani, ila jitayarishe kwa makumi ya maelfu ya shilingi. La parachuti kutofunguka nitalieleza hapa chini. Lakini liko swali la tatu ambalo sijasikia mtu akiliuliza, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote: hao unaokwenda kuruka nao, hucheka nini?

Usione ajabu. Mchezo huu ni wa utani tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Fika kule Ukunda, karibu na kiwanja cha ndege, utakuta watu wamepiga magoti juu ya turubai wakikunja vitambaa, jasho lawatiririka, na midomo haipumziki. Hapo yuko daktari wa meno, yuko kijana wa ufuoni, yuko Mzungu aliyestaafu jeshini, yuko binti wa Kibokoni aliyewaambia nyumbani kwamba anakwenda arusini. Hakuna anayeitwa kwa cheo chake. Ndani ya ndege viti vimeng'olewa, mmekaa sakafuni mgongo kwa goti, na mwalimu ambaye umefungwa kifuani pake anamwuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika: "Kaka, huu mkanda wa pili huwa twaufunga ama twauacha?" Mgeni hubadilika rangi. Wengine wote hucheka, naye pia hucheka, lakini baadaye, akishakanyaga mchanga.

Kisha ndege inakaribia futi 12,000 hivi, na kila mmoja anaanza kuwagonga wenzake viganja na ngumi. Tazama vizuri wakati huo. Mkono unagonga, lakini macho yamekwenda kwingine: mkanda wa kifuani, mikanda ya mapajani, kishikio cha parachuti ya akiba. Nimemwona mtu akishikwa bega na yuleyule aliyekuwa akimchimba tangu asubuhi, akageuzwa, begi lake likakaguliwa tena mgongoni, bila neno hata moja. Halafu mzaha ukaendelea pale ulipokuwa umeachwa.

Huku kwetu jambo hili halihitaji mwalimu. Mtani huingia msibani akamwiga marehemu mwendo wake, akajivika kofia yake, akawadai wafiwa deni la uongo, na hakuna anayekasirika, kwa sababu huyohuyo ndiye atakayeshika jembe makaburini. Ana haki ya kukucheka kwa kuwa ana wajibu kwako. Kundi zuri la warukaji liko vivyo hivyo. Kundi baya kicheko wanacho, jembe hawana.

Sasa, isipofunguka. Begi la mgongoni lina parachuti mbili. Ile kubwa hukunjwa kila baada ya kuruka. Ya akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, hutiwa lakiri, na tarehe huandikwa kwenye kadi inayokaa na begi. Kubwa ikifunguka vibaya, unaikata, unaiacha iende zake, unavuta ya akiba. Kuikata kwa mkono, huku imebeba uzito wako wote, kunawezekana kwa sababu ya pete tatu zilizopangwa juu ya kila bega zinazogawanya nguvu hiyo mpaka mvuto mdogo tu unatosha. Hiyo ni kazi ya Mmarekani Bill Booth, ya miaka ya 1970. Na ukizimia je, au ukapotewa na fahamu za urefu? Kipo kisanduku cha elektroniki, na kinachojulikana zaidi ni CYPRES cha Mjerumani Helmut Cloth, kilichoingia sokoni mwaka 1991. Kwa arukaye peke yake, kikihisi amebakisha kama mita 225 kufika ardhini na bado anashuka kwa kasi ya kuanguka, hukata kitanzi kinachofunga parachuti ya akiba, nayo ikatoka yenyewe.

Ukiruka mara ya kwanza utakuwa umefungwa kwa mwalimu, na kazi hii yote ni yake. Mtaanguka kwa karibu kilomita 200 kwa saa, mkivutwa nyuma na kiparachuti kidogo kinachozuia uzito wa wawili usizidishe kasi, na baada ya sekunde 40 hivi kubwa hufunguliwa. Ukinogewa ukataka kujifunza mwenyewe, utafundishwa kwamba ukifika futi 2,500 na parachuti kubwa bado ina matatizo, uamuzi wa kuikata uwe umeshaufanya. Kwa utaratibu wa chama cha parachuti cha Marekani, USPA, leseni ya kwanza huhitaji uwe umeruka angalau mara 25.

Lakini hata wewe wa mara moja tu, uliza. Uliza kuhusu kisanduku. Omba kuonyeshwa kadi ya parachuti ya akiba. Ukijibiwa kwa mzaha, cheka nao, kisha usubiri kadi. Mzaha ukija na kadi isije, panda matatu urudi Likoni.

Wanaopenda hesabu wapewe hesabu: mwaka 2023 chama hicho cha Marekani kilirekodi vifo 10 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65. Hiyo ni ya Marekani, na haifai kubebwa ilivyo hadi Pwani. Kinachonishughulisha katika taarifa zao za kila mwaka ni sababu. Wengi sana hawafi kwa parachuti kukataa kufunguka. Hufa parachuti ikiwa juu yao, imefunguka vizuri, haina kasoro. Mrukaji mzoefu hukata kona karibu na ardhi ili apate kasi ya kuteleza juu ya nyasi au mchanga, watu wapige kelele. Parachuti ikigeuzwa kwa nguvu hupiga mbizi, na huhitaji nafasi ya kujinyoosha. Nafasi ikikosekana, ardhi haiongezi. Bill Booth huyohuyo aliliona zamani: kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji wanavyozidi kujitafutia hatari, mpaka vifo vibaki palepale.

Niliruka muda mrefu na kijana mmoja ambaye mapema katika mafunzo yake alikosea upepo akatua juu ya mnazi. Akaning'inia kule juu, mzima, huku mwenye shamba akimwuliza kutoka chini nani atakayelipia madafu. Tangu siku hiyo hakuitwa jina jingine ila Mgema. Kila akipita aliulizwa kama tembo limejaa kibuyuni. Alicheka kuliko sisi sote, na jioni ile alikaa turubaini akachora kwenye vumbi njia yake yote ya kushuka, wazee wa mchezo wakamwonyesha ni wapi angepaswa kugeuka. Ule utani ulikuwa darasa.

Kisha Mgema akawa hodari. Akanunua parachuti ndogo zaidi, ya kasi. Akaanza kukata kona zake juu ya ufuo, simu zikanyanyuliwa, watalii wakapiga vigelegele. Kila wiki kona ilishuka chini kidogo. Nikaja kutambua kwamba hakuna tena aliyemtania. Kila neno lilikuwa sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu waliokuwa wakimwita jina hilo kutwa mara kumi hawakuukumbuka msemo huo hata mara moja. Jumapili moja, maji yamekupwa, ufuo mpana kama uwanja, alichelewa kugeuka. Akavunjika paja na nyonga.

Yuko hai, anachechemea. Jioni ileile mchango ulianza kwenye kundi la WhatsApp, na mtu wa kwanza kutuma pesa aliandika, "Mgema, sasa ugeme kwa ngazi." Akajibu kutoka kitandani kwa kikatuni cha kucheka. Nilifurahi kuona utani umerudi, ingawa nilitamani ungemrudia mwezi mmoja kabla. Mwenye kukuambia "hiyo kona yako ya leo ilikuwa ya kijinga, nani atakayemlea mamako?" anakupenda kuliko hao mia wenye simu.

Upo mzaha mwingine wa kuupima. Mtu akifika mlangoni, upepo ukampiga usoni, akasema hapana, siruki, basi arudi na ndege. Kundi zuri halimchezei huyo hata kidogo. Kwao ni mwiko. Nimemwona mwanamume wa miraba minne akitikisa kichwa pale mlangoni, mwalimu akamgusa bega, wakateremka na rubani, na chini akapewa juisi sawa na waliotoka hewani. Ukiona mahali mwoga anachekwa, jua hapo siku moja mtu ataruka kwa aibu, na aibu haisomi upepo.

Upepo wenyewe, sisi watu wa bahari tunadhani twaujua. Twajua kaskazi na kusi, twajua tanga mbili unapokuwa haujaamua. Lakini unaouhisi ukikaa chini ya mwembe si ule ulioko futi 3,000, na jua kali halikuambii kitu. Wanafunzi kwa utaratibu wa USPA hawaruki upepo wa chini ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kama kilomita 22. Wakati wa kusi unaweza kufika asubuhi ukaambiwa subiri, na saa kumi jioni ukaambiwa rudi kesho. Usinung'unike, na usiwe yule mteja anayesema ametoka Nairobi kwa ajili ya hili tu. Waliokukatalia wamepoteza pesa ya siku hiyo. Hilo lenyewe likutie imani nao.

Na hili hasa kwa wanaokuja Pwani kwa siku tatu wakitaka kila kitu: usizame kwa mtungi wa hewa leo ukaruke kesho alfajiri. Ukiwa chini ya maji, naitrojeni huingia mwilini, na ukipanda juu haraka kabla haijatoka hufanya mapovu. Wapiga mbizi hushauriwa wasubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 au zaidi baada ya kuzama mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege ya kawaida ya abiria. Ndege ya warukaji haina hewa ya kushindiliwa, kwa hivyo huko juu hewa yake huwa nyembamba kuliko ya ndani ya ndege ya abiria. Mimi huacha siku nzima. Ruka kwanza, uzame baadaye. Kuogelea juu juu na miwani kuangalia samaki hakuna neno.

Mavazi ni mepesi kueleza: suruali, viatu vya kamba vilivyokaza, cheni na bangili zibaki nyumbani. Hijabu ya kuvuta isiyo na pini hukaa vizuri chini ya kofia; mtandio wa kuzungusha utakusumbua. Kula kidogo, chai na chapati moja, pilau ingoje. Pombe na muguka, hapana, tangu usiku wa jana.

Fomu utakayopewa ni ndefu na iko kwa Kiingereza cha mawakili. Usitie sahihi huku ukipiga picha. Omba ufafanuliwe kwa Kiswahili, na kama una bima ya maisha, iulize kwanza kampuni yako kama inalipa kwa michezo ya namna hii, maana nyingi huitoa nje.

Nyumbani waambie. Yule binti wa arusi, ami yake alikuja kumwona kwenye video mtandaoni, na hiyo kesi ilikuwa ndefu kuliko anga. Bi mkubwa wangu nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza kama huyo mwalimu naye ana mama. Nilipomwambia anaye, akasema basi wote wawili tuombewe, na siku hiyo akapiga simu mara tatu kabla ya adhuhuri.

Mwisho ni deni. Warukaji kote duniani wana sheria kwamba anayefanya jambo mara ya kwanza huwanunulia wenzake bia. Kwetu wengi hawanywi, kwa hivyo deni hulipwa kwa viazi karai, mabuyu na juisi ya miwa, na rubani na wakunjaji wahesabiwe pia. Ukiruka mara ya kwanza unadaiwa. Ukiruka peke yako mara ya kwanza unadaiwa tena. Ukitua juu ya mti unadaiwa na mwenye mti. Na siku parachuti ya akiba ikikuokoa, fundi aliyeikunja hupelekewa halua, kilo nzima, ya Mombasa mjini, yenye lozi. Mmoja alipeleka ya pakiti ya supamaketi akarudishiwa.