Akina Kim wote si wa babu mmoja

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: kwa nini Wakorea wengi wanaitwa Kim, na je, wenye jina hilo wote ni ndugu? Jibu langu ni kwamba si ndugu. Wingi wao umetokana zaidi na watu waliokaa karne nyingi bila jina la ukoo, kisha wakapata nafasi ya kulichukua.

Sensa ya Korea Kusini ya mwaka 2015 ilihesabu akina Kim wapatao milioni 10.7, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Wanafuatwa na akina Lee na akina Park, na ukijumlisha majina hayo matatu unapata zaidi ya asilimia 40 ya wananchi.

Lakini Mkorea akitaka kujua kama Kim mwenzake ni wa kwao, huuliza bongwani yake, yaani mahali ambapo ukoo wake unasema ulianzia. Kim wa Gimhae peke yao ni karibu milioni 4.5. Hao humtaja mfalme Suro wa Gaya, dola ya kale ya Korea, ambaye masimulizi yanasema alitoka katika yai la dhahabu lililoshushwa kutoka mbinguni mwaka 42 baada ya Kristo. Kim wa Gyeongju, takriban milioni 1.8, humtaja Alji, mtoto aliyekutwa msituni ndani ya kasha la dhahabu, ambaye wazao wake walikuja kutawala Silla, ufalme mwingine wa kale wa Korea. Zipo na koo nyingine nyingi ndogo za Kim. Kwa hiyo hata anayeyaamini masimulizi hayo yote hawezi kuwapa akina Kim babu mmoja.

Zamani jina la ukoo lilikuwa mali ya wakubwa. Katika enzi ya Joseon, iliyoanza 1392, watumwa na wengi wa tabaka la chini waliitwa kwa jina lao binafsi tu. Wenye ukoo waliandikwa katika jokbo, kitabu cha nasaba, na kutambuliwa kuwa wa yangban, tabaka la wakubwa hao, kulimwepusha mtu na mzigo wa utumishi wa jeshi. Ndiyo maana karne za mwisho za enzi hiyo nafasi katika vitabu hivyo zilinunuliwa kwa fedha. Mageuzi ya 1894 yakafuta utumwa na matabaka kisheria, na mwaka 1909 sheria ya usajili wa raia ikataka kila mtu awe na jina la ukoo. Asiye nalo angechagua lipi? Wapo waliochukua la bwana wao wa zamani, wapo waliochukua lililokuwa na heshima katika eneo lao.

Wako wanaowabeza hao kuwa ni Kim wa kununua. Siwaungi mkono kabisa. Mtu aliyezaliwa mtumwa akawaachia wanawe jina la ukoo aliwafanyia jambo kubwa.

Kinachoniuma ni kwamba baadaye undugu huo wa kwenye karatasi ulitumika kama undugu wa damu. Kifungu cha 809 cha sheria ya kiraia ya Korea Kusini kilikataza ndoa kati ya watu wenye jina moja na bongwani moja, hata kama babu wanayemtaja aliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. (Desturi ilikwenda mbali zaidi: Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae pia huepuka kuoana, kwa kuwa malkia wa Suro alikuwa Heo.) Fikirieni vijana wawili wa Kim wa Gimhae, ukoo wa mamilioni, wanaopendana na hawana ndugu wa karibu wanayemchangia. Waliishi pamoja bila cheti, na watoto wao hawakutambuliwa kuwa wa ndoa. Serikali ilifungua mlango kwa muda mara tatu, mwaka 1978, 1988 na 1996, na makumi ya maelfu ya wenzi wakakimbilia kusajili ndoa zao.

Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa katazo hilo halipatani na katiba, na bunge likaliondoa katika sheria mwaka 2005. Siku hizi sheria inaangalia ukaribu wa damu, hivyo Kim na Kim wa bongwani moja wasio jamaa wa karibu huoana na kupewa cheti kama wenzi wengine wote.