Jibu: Kushuti ngano ya zimwi bila kutegemea programu

Mkuu mleta uzi, umeuliza ni programu gani ya simu itakupa zimwi linalotisha na kuvutia kwa pamoja, kwa filamu yako ya dakika 10 ya binti anayeingia nyumba ya zimwi. Ushauri wangu: programu iache kwanza. Ngano za giza zinazokaa kichwani mwa watu zimejengwa kwa maajabu yaliyofanyika mbele ya kamera, na mengi yake yanawezekana kwa vitu vya nyumbani.

Tazama filamu ya La Belle et la Bête (Mrembo na Mnyama) ya mwongozaji Jean Cocteau, Ufaransa, 1946. Kwenye kasri la Mnyama, vinara vinashikwa na mikono ya watu inayochomoza ukutani, na mishumaa inajiwasha yenyewe mgeni anapopita. Hakuna uchawi mgumu hapo. Mishumaa ilikuwa inazimwa, kisha mkanda ukachezwa kinyumenyume.

Kwako itakuwa hivi. Washa mishumaa yote. Mwigizaji asimame pale anapotakiwa kuishia, halafu arudi kinyumenyume hadi mwanzo wa njia, na kila mshumaa anaoupita msaidizi aliyejificha nyuma ya ukuta auzime kwa kupuliza kwenye mrija mwembamba. Ukihariri, geuza kipande chote kichezwe kinyumenyume. Kinachoharibu ni miguu: mtu anayerudi nyuma huyumba, hupapasa sakafu kwa vidole na huchungulia begani. Tandika kamba sakafuni aifuate kwa nyayo, mfanyishe mazoezi akihesabu hatua, na mvishe gauni zito linalofika chini. Kitambaa chepesi hupepea upande usio wake na kukutobolea siri. Utambi ukate ubaki kama milimita 5, feni zizimwe. Ule moshi mwembamba unaoshuka na kuingia kwenye utambi kabla mwali haujazaliwa uache ulivyo, maana hakuna programu itakayokupa kitu kizuri kama hicho.

Ukuta wa mikono ni plaiwudi yenye matundu ya sentimita 12, na kitambaa cheusi nyuma yake. Piga kirafu cha kuegemeza kiwiko upande wa nyuma. Bila hicho mkono huanza kutetemeka mapema sana na mwali unaonyesha wazi. Chini ya mshumaa weka duara la kadibodi ili nta isimchome aliyeushika. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mawigi na nguo za nailoni zikae mbali na moto.

Kwenye filamu hiyo hiyo ya Cocteau kuna pia Belle, yule binti mrembo, anayeteleza koridoni bila kupiga hatua. Kwako: Ubao wa sentimita 60 kwa 40, magurudumu manne ya mpira yasiyozunguka pembeni, kamba, na mtu wa kuvuta. Anza kuvuta kabla hajaingia kwenye fremu, kwa sababu ule mshtuko wa kuondoka ndio unaofichua ubao.

Mwendo wa taratibu: shuti fremu 50 kwa sekunde, cheza kwa 25. Shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sekunde 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kama simu yako ina fremu 60 tu, bado shata ibaki 1/100. Ukiiweka 1/120 utaona mawimbi ya mwanga yakipita ukutani.

Sasa zimwi lenyewe. Filamu ya Pan's Labyrinth ya mwongozaji Guillermo del Toro (2006) ina kiumbe mweupe, ngozi imemlegea, uso hauna macho. Macho yamo kwenye viganja. Ndani yake yumo mwigizaji Doug Jones, aliyekuwa akiona kupitia matundu ya pua ya kinyago. Kinachotisha pale ni kitu kimoja kilichohamishwa mahali pake. Pembe, meno, kucha na damu kwa pamoja vinaleta kichekesho, kwa hiyo chagua kimoja na ukipe nafasi.

Kinyago kifinyange kwa karatasi. Chemsha uji wa gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 4 vya maji, kijiko 1 cha chumvi kuzuia ukungu. Chana gazeti vipande vyembamba, bandika tabaka 5 au 6, na kila tabaka mbili zikauke kabisa kabla ya kuendelea. Ukizirundika mara moja, ndani hubaki mbichi, kinyago kinajikunja na kuoza, hasa kwa unyevu wa pwani. Paka rangi isiyong'aa kote, halafu gliserini kidogo kwenye midomo na kingo za pua tu. Unyevu huo mdogo ndio unaofanya mtazamaji aamini kuwa kitu kile kinapumua.

Rangi zitenganishe dunia mbili. Kwenye filamu yake, Del Toro aliipa dunia halisi ya wanajeshi ubaridi wa bluu na kijani, na ya maajabu akaipa dhahabu na wekundu. Nje mchana weka white balance ya kamera (mpangilio wa rangi ya mwanga, hupimwa kwa kelvini) kwenye 3200, picha itakuwa ya bluu. Ndani kwa taa za njano weka 5600, itageuka dhahabu. Zimwi likae kwenye dhahabu, maana nyumba yake ni lazima itamanike.

Na mkatazo utangulie. Kwenye filamu hiyo hiyo binti ameonywa asile chochote mezani, anakula zabibu mbili, na kiumbe anaamka. Ngano zetu nazo zina makatazo ya namna hiyo, kwa hiyo mtazamaji wako ataelewa bila kuelezwa. Shuti meza peke yake kwanza, sekunde 5 au 6, kamera imetulia, chakula kinapendeza kweli. Binti wako akikutana na zimwi asipige kelele. Azungumze nalo kama anavyozungumza na mkubwa wa nyumba, shikamoo ikiwemo. Sauti za vipande vilivyogeuzwa zirekodi upya baadaye, nyayo na pumzi, simu ikiwa karibu kabisa na mdomo na sakafu.